Pai Niliyokula Kabla ya Mbuzi Kufika

Ndiyo, ni mimi. Yule mtu mnayesimuliwa kwenye harusi na kwenye matanga kuanzia Masii mpaka Kangundo, yule aliyekaa uani kwa wakwe zake kabla hajapeleka hata mbuzi mmoja, kiunoni amejifunga leso ya mama mkwe, mkononi kipande cha pai ya nguruwe na mdomoni kipande kingine, ni mimi Kioko, na kama kuna mtu anataka kucheka basi acheke sasa amalize, ndio niwaambie vile ilikuwa, kwa sababu hiyo hadithi inayozunguka huko nje imetiwa chumvi mpaka imekuwa chungu. Ati nilikimbia. Sikukimbia! Ningekimbia vipi na leso?

Aibu niliiona, sikatai. Kuna usiku bado nashtuka usingizini nikikumbuka ile nguo ya ndani nyekundu (tutafika hapo, msiniharakishe). Lakini siku hiyo kuna neno moja niliambiwa niseme nikakataa, na mpaka leo nakataa, na nyinyi mtanisikiliza halafu mniambie kama nilikosa.

Ilianza na nesi. Alikuja kiwandani kwetu Athi River (tunatengeneza vigae, mimi niko stoo), akatupima presha sisi wote, akatikisa kichwa, akasema tunakaa sana na tunakula vibaya, tutakufa tukiwa tumevaa ovaroli. Basi Wafula, dereva wa foklifti, mtu wa Webuye mwenye roho safi na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, akaunda kikundi cha kutembea. Kila mwezi tunachagua mahali penye vilima, tunatembea mpaka jasho litoke, na mwisho wa safari tunakula kitu cha watu wa pale. Tulitembea Lukenya tukala mbuzi choma, tukatembea kwetu Masii tukala muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na maharagwe (hapo ndipo presha inarudi ilikotoka, lakini wacha tu, nesi hakuwa kwenye kikundi).

Mwezi huo Wafula akatangaza tunaenda Kangundo. "Kuna mama huko anaoka pai ya nguruwe," akasema, "watu wanatoka Nairobi kuifuata. Tunatembea kwenye mashamba ya kahawa, tunashukia kwake, tunaonja."

Moyo wangu ukalipuka paa! Mama wa Kangundo anayeoka pai ya nguruwe ni mmoja tu, na ni mama yake Mutheu, na Mutheu ndiye nilikuwa naenda kumuoa.

Sasa kwa wale si Wakamba, wacha niwaeleze kidogo ndio mjue ukubwa wa hili jambo. Kwetu kuna mbuzi wanaitwa wa ntheo. Mwanamume anawapeleka kwa kina msichana, mmoja anachinjwa papo hapo, pande zote mbili zinakula pamoja, na bila hao mbuzi hata mkae pamoja mpaka mzeeke huyo si bibi yako, ni rafiki tu mnasaidiana. Halafu babake Mutheu, Mzee Mutinda, ni mtu wa kushika mila hata zile wenzake wameshasahau. Kwake, kijana anayechumbia haweki mguu bomani wala hali kitu cha boma hilo mpaka mbuzi wafike. Wazee wangu ndio walikuwa wameenda kubisha hodi, mimi nikabaki nyumbani, kwa hivyo ukimtoa Mutheu hakuna mtu wa kule aliyekuwa ameona uso wangu. Siku ya kupeleka mbuzi ilikuwa imeshapangwa na mbuzi walikuwa wameshanunuliwa, wako Masii wanakula majani ya mamangu.

Na bado kuna nthoni. Hiyo ni heshima kati ya mtu na mama mkwe wake, lakini ni heshima ya kuogopana. Hampeani mkono, hamketi karibu, mkikutana njiani unampisha na kuangalia kando. Mama mkwe akiona mapaja yako, kaka, hiyo ni kesi ya wazee.

Mimi haya yote niliyajua. Nimezaliwa nayo. Kwa hivyo msiniambie ati sikujua, nilijua kabisa.

Shida ilikuwa Mutheu mwenyewe. Huyo msichana alikuwa ananitesa na hiyo pai. Ananiambia vile mamake alifanya kazi jikoni kwa mzungu mmoja wa ranchi kule Lukenya zamani, akajifunza huko, akarudi nyumbani akaigeuza ikawa yake, akaitia dhania na pilipili kidogo, ukoko wake mnene umekandwa na mafuta ya nguruwe, na supu ya miguu inamiminwa ndani kwa tundu dogo mpaka inaganda. Ananiambia inaliwa baridi. Namwambia nyama baridi ni ya maiti, anacheka, anasema, "Utaonja mbuzi wakifika." Kila nikimuuliza ni hivyo tu, mbuzi wakifika, mbuzi wakifika. Mimi ni mtu mzima, niko na kitambulisho na kazi, lakini kuna kitu kwenye tumbo langu ambacho hakijui kungoja.

Basi nikaamua, na uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo tu: nitavaa kofia. Kofia na miwani ya jua, ndevu nimeshanyoa, tutakuwa kundi zima la watu wananuka jasho, nani atanikumbuka baadaye? Nitaonja, nitarudi zangu, na siku ya mbuzi nitaonja tena nikijifanya mgeni. Mutheu ni mwalimu, siku hiyo alikuwa na semina Machakos mjini. Nikamwambia niko na ovataimu. Wafula naye alijua naoa mwalimu wa Kangundo, lakini kwamba mama wa pai ndiye mkwe wangu sikumwambia, kwa sababu Wafula ukimwambia siri umeiambia Kenya.

Kutembea kwenyewe kulikuwa kuzuri, sitadanganya. Tulianzia juu ambako hewa ni baridi, tukashuka katikati ya kahawa na miti ya parachichi, watu wa shambani wanatushangaa (mtu mzima anatembea bila jembe, bila mzigo, anaenda wapi?), mama mmoja akatuuliza kama gari letu limeharibika. Mimi nilikuwa nyuma, kofia imefika kwenye nyusi, nacheka na wenzangu kama mtu asiye na dhambi.

Kwenye kona moja nikaona mzee anapanda kilima na panga la kukatia majani ya ng'ombe, anakuja moja kwa moja. Sijui nini kiliniingia. Kichwani mwangu kila mzee wa Kangundo siku hiyo alikuwa Mzee Mutinda. Badala ya kumsalimia na kupita kama binadamu, nikaruka seng'enge nikajitupa kwenye kahawa ya watu. Seng'enge ikanishika. Nikasikia krrrr, na upepo wa Kangundo ukaingia mahali ambapo upepo hauingiagi. Suruali ilipasuka kuanzia makalioni mpaka karibu na goti, na chini yake, kwa sababu Mungu ana mambo yake, siku hiyo nilikuwa nimevaa boksa nyekundu ya kung'aa ambayo ndugu yangu alininunulia kwa mzaha.

Yule mzee akasimama, akaniangalia mle ndani ya kahawa, akaenda zake. Wenzangu walikuwa wamelala chini kwa kicheko. Mtu mwenye akili angerudi hapo hapo, angepanda bodaboda akalale. Mimi nikasema nimetoka Athi River nimefika mpaka hapa, nimeshapasuka, na pai sijaonja? Hapana. Nikafunga sweta kiunoni, sweta ikawa fupi, nikaendelea hivyo hivyo, natembea upande upande kama kaa.

Tukafika. Boma safi, limefagiliwa, jiko la udongo liko nyuma linafuka moshi, na kwenye meza ndefu chini ya mabati pai zimepangwa, kahawia, nene, zinang'aa juu. Mama akatoka anapangusa mikono. Mfupi, mnene kiasi, uso wa Mutheu kabisa ila wenye miaka zaidi. Akasalimia kila mtu kwa mkono. Alipofika kwangu nikajifanya nakohoa, nikainamisha kichwa, mkono sikutoa. Nthoni niliishika hapo, mnaona? Nilijaribu.

"Na wewe wa kofia, mbona unatembea hivyo?" akaniuliza.

"Iko sawa, mwaitu," nikasema. (Mwaitu ni mama, kwa Kikamba.)

"Amepasuka huyo, Mama!" Wafula akapiga kelele. "Mgeuze uone!"

Akanizunguka! Nyinyi mnasikia? Mama mkwe wangu alinizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe, na akaona, na akashika mdomo. "Asi! Mtoto wa watu!" Halafu akaingia ndani akarudi na leso na sindano na uzi. "Nenda nyuma ya jiko, toa hiyo suruali uniletee. Nimelea wavulana mimi, hakuna kitu sijaona."

"Hapana mwaitu, tafadhali, iko sawa."

"Iko sawa na naona nyekundu mpaka hapa? Enda."

Nikaenda. Mngefanya nini? Kukataa zaidi watu wangeuliza kwa nini. Nikavua nyuma ya jiko, nikajifunga leso ya maua ya manjano, nikarudi nikampa mama mkwe wangu suruali yangu, tena bado iko na joto. Kama kuna mila nilikuwa nimeacha bila kuvunja mpaka hapo, sijui ni gani.

Halafu pai ikaja. Akanikatia mwenyewe, kipande kikubwa kwa sababu alinionea huruma, akanipa kwenye sahani, akaketi karibu yangu kwenye kigoda akaanza kushona. Nikauma. Jamani. Ukoko unavunjika kwanza, halafu ile supu iliyoganda inayeyuka kwenye ulimi, halafu nyama yenyewe imekatwa kwa kisu vipande vidogo, ina chumvi na ina pilipili nyuma kabisa inakuja polepole. Baridi, ndiyo, baridi, na sikufikiria maiti hata kidogo. Nilifunga macho nyuma ya miwani. Nilisahau leso, nilisahau mbuzi.

"Unaitwa nani?" akaniuliza, sindano inaenda.

"Wafula," nikasema. Jina la kwanza lililokuja.

"Wafula wawili?"

"Ni wengi, mwaitu. Kwao wako wengi sana."

"Lakini unaniita mwaitu vizuri kama mtu wa Masii."

"Nimekaa na watu wa Masii."

Akavuta uzi. "Binti yangu anaolewa huko," akasema. "Wanaleta mbuzi hivi karibuni. Ni furaha, lakini mzee wangu ameniambia siku hiyo nifiche hizi pai. Ati wageni wataona tunakula takataka za wazungu. Dada zake wananiita mama wa nguruwe, nikipita wanashika pua. Hizi pai ndizo zimesomesha huyo binti mpaka akawa mwalimu, lakini mzee hajawahi kuziweka mdomoni hata siku moja." Hakusema kwa hasira. Alisema akiangalia mshono. "Sasa sijui huyo kijana. Labda na yeye atashika pua."

Mimi mdomo ulikuwa umejaa. Nikameza haraka nikasema, na ilitoka moyoni, "Atakula, mwaitu. Asipokula nitamchapa mimi mwenyewe."

Akacheka mpaka sindano ikamdunga. Akainuka akaniletea kipande kingine.

Hapo ndipo Wafula, Wafula wa kweli, akasimama kutoa shukrani. Kila safari lazima asimame. Akashukuru Mungu, akashukuru miguu, akashukuru nesi, halafu akasema, "Na Mama, tuko na tangazo la furaha. Kuna mwenzetu hapa anaoa, tena anaoa huku huku kwenu Kangundo! Kikundi kizima tunamsindikiza na mbuzi, na hizi pai lazima tuje tuchukue za kubeba, wakwe zake waonje. Pengine hata unawajua hao watu. Kioko, simama!"

Sikusimama. Nilikaa nikiangalia sahani. Wafula akaja akanishika bega, akaning'oa ile kofia kwa furaha yake, akasema, "Huyu hapa! Anaona haya tu. Msichana ni mwalimu, anaitwa Mutheu."

Sindano ikasimama.

Kuku walikuwa wanachakura kando ya jiko na niliwasikia kila mmoja. Mama aliangalia suruali iliyoko magotini pake, akaangalia leso yake kiunoni mwangu, akaangalia sahani. Halafu akatoa simu mfukoni, akapiga, akaweka spika.

"Mutheu. Yule bwana yako wa Masii yuko wapi leo?"

"Yuko kazini, mwaitu," sauti ya Mutheu ikasema, tamu kabisa. "Ovataimu. Maskini, anachoka sana."

"Yuko hapa. Amevaa leso yangu."

Simu akaiweka mapajani bila kuikata. Wafula alikuwa ameshika kichwa, na wakati huo huo geti likalia, mzee akaingia na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Ndiyo. Ni yule yule. Akatua mzigo, akaniangalia kwa utaratibu kuanzia miguuni kwenda juu.

"Na huyu ndiye aliyeruka kwenye kahawa yangu," Mzee Mutinda akasema.

Mama akamweleza. Kwa Kikamba, maneno machache, na kila neno lilikuwa msumari. Ndiye Kioko. Ameingia. Amekula. Suruali ni yake. Mzee akaketi, akatoa kofia yake, akafuta jasho, na mimi nikajua maisha yangu na Mutheu yako mikononi mwa huyo mzee na nikamwona anafikiria. Si mtu mbaya. Nataka mjue hivyo. Alikuwa anatafuta njia.

"Kijana," akasema mwisho, "mimi sitaki kuharibu mambo ya binti yangu. Mambo ya suruali, utaongeza mbuzi mmoja wa kumtuliza mama, yaishe. Lakini kula ndiyo shida. Aliyekula kwangu kabla ya mbuzi, mbuzi wake sipokei, na wazee wenzangu wanalijua hilo." Akanyoosha kidole kwenye meza. "Sasa hiki kitu. Hiki si chakula. Kwetu chakula ni mbuzi, ni muthokoi, ni maziwa. Hiki ni uchafu wa wazungu. Kwa hivyo sema tu hapa mbele ya hawa mashahidi kwamba hujakula chakula kwangu, umeonja uchafu ukatema. Basi. Hakuna mwiko umevunjwa. Mbuzi walete siku ile ile."

Nakuambia ule mlango ulikuwa wazi! Wafula alikuwa ananikonyeza mpaka jicho linataka kuanguka. Mwenzangu mmoja akanong'ona, "Sema tu, bwana, sema twende." Neno moja na Mutheu ni wangu. Na kusema kweli mdomo niliufungua.

Halafu nikamwangalia mama. (Najua, nthoni, hufai kumwangalia. Nilimwangalia.) Alikuwa ameshikilia suruali yangu na hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama zile pai zake kwenye meza na uso wake ulikuwa umetulia, ule utulivu wa mtu ambaye ameshasikia neno hilo mara nyingi na anangoja alisikie mara moja zaidi. Na mimi hasira ikanipanda. Sijui ilitoka wapi, nikiwa na leso hivyo.

Nikasimama. "Mzee," nikasema, "kuingia kwako nimekosa. Kujificha kwa kofia nimekosa, kumdanganya Mutheu nimekosa, kahawa yako nitakuja niipalilie. Mama kuniona vile aliniona, nimekosa na mbuzi nitaleta. Lakini kula sikukosa. Nimekula chakula. Nimekula vipande viwili na nilikuwa natamani cha tatu, na ni chakula kitamu kuliko chote nimewahi kupewa, na siwezi kusema mbele ya aliyepika kwamba ni uchafu. Hilo sisemi."

"Basi hakuna mbuzi," mzee akasema.

"Sawa," nikasema, nikakaza fundo la leso. "Lakini nimekula."

Mzee akaingia ndani akafunga mlango. Mama akainamisha kichwa akashona ile suruali mpaka mwisho, pole pole, kikundi kizima tumesimama kama watu walio makaburini, akakata uzi kwa meno, akanipa. Nilivaa nyuma ya jiko, nikakunja leso vizuri, nikaiweka juu ya kigoda, na ndipo tukatoka kwa miguu, kwa utaratibu, mbele ya macho ya majirani wote. Ndiyo maana nikisikia ati nilikimbia naumia.

Mutheu alikuwa bado kwenye simu muda wote ule. Alisikia kila kitu. Jioni alinipigia akaniita mwongo, akaniita mlafi, akaniambia ovataimu yangu niende nikaifanye na hiyo pai yangu, akakata, na siku nyingi hakushika simu yangu. Nilikuwa nakaa stoo nahesabu vigae na sijui nahesabu nini. Mbuzi kule Masii mamangu akaniuliza awauze au afanye nini. Wafula alikuwa anakuja kila siku kuniomba msamaha na kila siku anaomba kwa sauti kubwa mpaka kiwanda kizima kinasikia upya.

Halafu Mutheu akapiga. Sauti ilikuwa ya kujaribu kutocheka. Akaniambia tangu siku ile mamake hajapika. Ugali hakuna, muthokoi hakuna, chai hakuna. Jioni ya kwanza mzee aliketi mezani akawekewa pai. Akauliza chakula kiko wapi, mama akamwambia, "Chakula ni hicho. Kama si chakula, basi hapa kwetu hakuna chakula." Mzee akaenda kula kwa dada yake. Jioni ya pili, pai. Jioni nyingine, pai. Dada yake akachoka naye. "Na jana?" nikauliza. "Jana," Mutheu akasema, "nilipita jikoni nikamkuta amesimama gizani anatafuna."

Wiki iliyofuata neno likatufikia Masii kwa njia ya wazee: leteni mbuzi, na mmoja wa kumtuliza mama.

Tulienda. Nilivaa suti, na ndani nguo za rangi ya kuheshimika. Mbuzi wakapokewa, mmoja akachinjwa, wazee wa pande zote wakaketi, na katikati ya meza, mbele ya dada wote wa Mzee Mutinda walioshika pua zao miaka yote hiyo, pai zilikuwa zimepangwa wazi. Kabla watu hawajala Mzee Mutinda akasimama. Nikajua sasa nitavuliwa nguo mara ya pili.

"Huyu kijana mnasikia akichekwa," akasema. "Mimi nilimpa neno moja aseme, aokoe ndoa yake. Neno baya juu ya chakula cha mke wangu. Akakataa, na amevaa leso. Mimi neno hilo nimelisema kwa hii nyumba tangu nioe, na hakuna aliyenilazimisha." Akanyoosha mkono akachukua kipande cha pai mbele ya watu wote, na alipomwangalia mkewe kule mlangoni, mama aligeuza uso akafuta macho na ncha ya leso.

Mimi sikuwa naona vizuri pia, moshi wa nyama ulikuwa mwingi.

Basi ndivyo ilivyokuwa, na wewe unayecheka hapo nyuma endelea tu. Mambo ya kofia nimeacha, mambo ya kudanganya ovataimu nimeacha kwa nguvu (Mutheu siku hizi anapiga simu ya stoo), na seng'enge ya mtu siruki tena hata nikikimbizwa na nyati. Hayo naapa. Lakini mkitaka nikiri kwamba kula nilikosa, mtakaa hapo mpaka mzeeke, kwa sababu nilikula, na nilikula vizuri.